Kuogelea juu ya matumbawe ya Msimbati: anza na kalenda ya mwezi

Ufukwe wa Msimbati, kusini mashariki mwa mji wa Mtwara, umo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Usitarajie kukuta mwokoaji ufukweni wala duka la kuazima miwani ya kuzamia, na hospitali kubwa ziko Mtwara mjini. Ndiyo maana siku na saa ya kuingia majini huamuliwa mapema, na kinachoamua ni mwezi.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja alasiri. Tofauti ya kina huweza kuzidi mita 3, na maji yote hayo hutoka kupitia milango ya mwamba, yaani mapengo kati ya matumbawe, kwa muda wa saa sita tu. Anayeogelea karibu na mlango wakati huo husombwa kuelekea bahari kuu. Akibaki juu ya mwamba, kina humpungukia mpaka kifua na magoti yanakwaruzwa na matumbawe. Siku za maji mafu, kuanzia tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25 za mwezi mwandamo, maji hujaa kati ya saa nne na saa sita mchana na mkondo huwa dhaifu. Chagua siku hizo. Ingia kama saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, utoke mara yanapoanza kupwa. Kumbuka kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi.

Kwa upande wa majira, Septemba hadi Novemba ni muda mzuri: upepo wa kusi umepungua nguvu na mvua hazijauchafua Ruvuma kwa tope.

Hata siku njema, upime mkondo. Tupa kumbi la nazi majini. Likisogea hatua 10 ndani ya sekunde 20, usiingie. Likienda polepole, anza kuogelea kuupinga mkondo ili urudi nao ukiwa umechoka. Ukichukuliwa, usishindane nao; kata kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke ndani yake. Nendeni wawili, na wa tatu abaki nchi kavu akiwatazama.

Miwani ijaribiwe nyumbani: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, uachie mikono. Isipodondoka inakufaa. Unywele mmoja chini ya mpira unatosha kuingiza maji. Kabla ya kupiga mbizi usivute pumzi nyingi za haraka. Mwili hukosa ile hamu ya kupumua inayokuonya, ukazimia chini ya maji bila dalili yoyote. Vaa fulana ya mikono mirefu, kwa sababu mgongo ndio unaoungua. Usisimame juu ya matumbawe: aina nyingi za yale ya mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, na kisigino kimoja hubomoa kazi ya miaka mingi.

Kwenye maji mafupi vaa viatu vya soli ngumu na uburuze miguu mchangani ili taa, samaki bapa mwenye mwiba mkiani, aondoke. Usiokote konokono wenye umbo la pia (koni). Baadhi wana mwiba wa sumu inayoweza kuua. Chukua chupa ya chai yenye maji ya moto. Aliyechomwa na taa au samaki mwenye miiba ya sumu aloweke jeraha kwenye maji ya nyuzi 45 hivi kwa dakika 30 hadi 90. Joto lipimwe kwa mkono wa mtu mwingine, maana mwenye maumivu hujiunguza bila kujua. Huku analoweka, gari liwe limeshawashwa kwenda Mtwara.