Kabla ya fidia, utafiti: jinsi miji ya Marekani inavyochunguza deni la utumwa na ubaguzi

Pwani yetu ilipata kuona fidia ya utumwa ikilipwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, kwa shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimlazimu aende mwenyewe mahakamani kuuomba. Bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki kihalali alilipwa. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907, nako waliofidiwa ni mabwana. Huko Washington, mji mkuu wa Marekani, ilikuwa vivyo hivyo mwaka 1862: sheria ilitenga hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru, na fedha zikaenda kwa aliyekuwa mmiliki wake.

Malipo ya Washington yaliacha karatasi nyingi. Ili alipwe, bwana alipaswa kuandika ombi linalotaja jina la kila mtumwa, umri wake, umbo lake, kazi aliyoijua na thamani yake. Hasara ya bwana imeandikwa hadi senti ya mwisho. Hasara ya mtumwa haikuandikwa mahali popote, kwa kuwa hakuna ofisi iliyokuwa na kazi ya kuiandika. Tume za fidia zinazoundwa leo na halmashauri za miji ya Marekani zinaanzia kwenye pengo hilo, na sehemu kubwa ya kazi yao ni kusoma nyaraka za mkosaji ili kupata madai ya aliyekosewa.

Wengi wakisikia halmashauri imeunda tume ya fidia hudhani fedha zimekwisha kutengwa na kilichobaki ni kugawana. Mara nyingi hakuna hata senti moja iliyotengwa. Tume hupewa muda wa kutafiti na kutoa mapendekezo, basi. Katika ngazi ya taifa, mswada wa kuunda tume ya aina hiyo uliwasilishwa bungeni mara ya kwanza mwaka 1989 na mbunge John Conyers wa Michigan, ukawasilishwa tena na tena, na haujapitishwa na Baraza la Wawakilishi. Miji iliamua kutosubiri.

Iko sababu nyingine ya kutanguliza utafiti, na hii ni ya kisheria. Mwaka 1983 halmashauri ya Richmond, Virginia, iliagiza makandarasi wakuu wa jiji watoe angalau asilimia 30 ya thamani ya mkataba kwa kampuni za jamii za wachache. Nusu ya wakazi walikuwa weusi, lakini kampuni za wachache zilikuwa zimepata asilimia 0.67 tu ya mikataba mikuu ya jiji. Pamoja na hayo, mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliifuta sheria hiyo ndogo. Haikukana kwamba ubaguzi ulikuwapo nchini. Ilisema Richmond haikuonyesha ubaguzi mahususi katika sekta ya ujenzi ya Richmond yenyewe. Majaji walibaini pia kuwa orodha ya wanufaika ilitaja hata Waeskimo na Waaleuti, watu wa kaskazini ya mbali, bila ushahidi wowote kwamba waliwahi kubaguliwa katika ujenzi wa jiji hilo. Tangu hapo, mwanasheria yeyote wa mji anajua kuwa kusema "historia yetu ni ya ubaguzi" hakutoshi mahakamani.

Kwa hiyo utafiti wenye uzito hujibu maswali manne kwa pamoja: ni tendo gani lilifanyika, lilifanywa na mamlaka ipi, lilimpata nani, na madhara yake yako wapi leo. Likikosekana jibu moja, mengine matatu hayasimami.

Kisa ambacho majibu yote manne yalipatikana ni cha Manhattan Beach, kusini mwa Los Angeles. Willa na Charles Bruce, mke na mume weusi, walianza kununua ardhi ufukweni mwaka 1912 na kujenga mahali pa mapumziko kwa watu weusi, waliofukuzwa kwenye fukwe nyingine. Mwaka 1924 halmashauri ya mji iliitwaa ardhi hiyo kwa madai ya kujenga bustani ya umma, kisha ikaiacha wazi kwa miaka mingi. Hapa mwathirika ana jina, kiwanja kina mipaka, na azimio la halmashauri lina tarehe. Hata hivyo kurudisha haikuwa rahisi, maana ardhi ilikuwa imepita mikononi mwa jimbo na kuishia kwa Kaunti ya Los Angeles ikiwa na masharti yanayozuia kuihamisha. Ilibidi jimbo litunge sheria mwaka 2021 kuyaondoa masharti hayo. Hati ilikabidhiwa kwa warithi Julai 2022, nao mwaka uliofuata wakaiuzia kaunti kwa karibu dola milioni 20. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba aliyenyang'anya ni mji na aliyerudisha ni kaunti. Utafiti usiofuatilia hati kutoka mkono hadi mkono hauwezi kumjua wa kumdai.

Kesi nyingi hazina kiwanja kimoja na familia moja. Evanston, mji ulio kaskazini ya Chicago kando ya Ziwa Michigan, ilikabiliwa na jambo lililosambaa zaidi: mtaa mzima wa watu weusi uliobanwa sehemu moja kwa miongo mingi. Azimio la halmashauri la mwaka 2019, lililosukumwa na diwani Robin Rue Simmons, lilitenga dola milioni 10 kutoka kwenye kodi ya asilimia 3 ya mauzo ya bangi, iliyokuwa karibu kuhalalishwa Illinois. Wanahistoria wa hapohapo, Dino Robinson na Jenny Thompson, wakaandika ripoti juu ya sera na desturi za mji zilizowaathiri weusi kuanzia 1900 hadi 1960. Ripoti hiyo ndiyo iliyotoa mwelekeo: madhara yaliyothibitika zaidi yalikuwa ya makazi, kwa hiyo mpango wa kwanza ukawa wa makazi.

Tazama walivyoweka mipaka. Anayestahili ni mtu mweusi aliyeishi Evanston akiwa mtu mzima kati ya 1919 na 1969, au mzao wake wa moja kwa moja, au mtu anayeweza kuthibitisha kuwa alibaguliwa katika makazi na sera ya mji baada ya 1969. Kiwango kilikuwa dola 25,000, za kununulia nyumba, kuikarabati au kupunguza deni la mkopo wa nyumba, zikilipwa benki au fundi, wala si mtu mwenyewe. Mji ulijitetea kwamba hauna mamlaka ya kumsamehe mtu kodi ya mapato, na fedha taslimu zingeweza kukatwa kodi. Mpango ulipitishwa Machi 2021 kwa kura 8 dhidi ya 1. Aliyepinga, diwani Cicely Fleming, mwenyewe mweusi, alisema huo ni mpango wa nyumba uliovikwa jina la fidia, kwa kuwa hauwaachii waliokosewa kuamua matumizi ya haki yao. Hoja yake ilikuwa ya haki. Haikuchukua muda ikaonekana kuwa mzee anayepanga, asiye na nyumba wala nia ya kununua, hana pa kuzitumia fedha hizo, na mwaka 2023 malipo ya taslimu yakaongezwa.

Tatizo la pili lilikuwa chanzo cha fedha. Mwanzoni mji ulikuwa na duka moja tu la bangi lililotozwa kodi hiyo, na mapato yakaingia kwa kudondoka. Januari 2022 wazee zaidi ya 100 walikuwa wamethibitishwa, lakini fedha zilizokuwapo, dola 400,000, zilitosha watu 16. Wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya wazee walifariki kabla ya zamu yao. Baadaye halmashauri iliongeza chanzo kingine, kodi inayotozwa nyumba za bei kubwa zinapouzwa, na malipo yakapata kasi. Mji wowote unaotaka kuiga Evanston ungepaswa kukokotoa kwanza: wastahili wangapi, mara kiwango, gawanya kwa mapato ya mwaka. Jibu likizidi umri uliobaki wa wazee, chanzo hicho hakifai.

Mipaka yote hiyo haikuzuia kesi. Mei 2024 watu wasio weusi, wazao wa wakazi wa Evanston wa miaka ileile, walifungua shauri la shirikisho wakidai rangi imetumika badala ya ushahidi wa madhara kwa kila mtu. Ndiyo maana nguvu ya ripoti ya msingi ni jambo kubwa.

Ushahidi wenyewe hutafutwa vipi? Chanzo kikuu ni hati za viwanja katika ofisi ya msajili wa kaunti. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 hati nyingi zilibeba sharti kwamba kiwanja kisiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye mzungu, na mara nyingi ziliruhusu watumishi wa nyumbani tu. Mahakama ya Juu ilikataza mahakama kutekeleza masharti hayo mwaka 1948, lakini maandishi yalibaki. Mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliwaonyesha wengine njia: kompyuta hupitia picha za hati kutafuta maneno yanayotia shaka, kisha watu wa kujitolea husoma, na kila hati husomwa na zaidi ya mtu mmoja kabla ya kuwekwa kwenye ramani. Kuna mtego ambao watafiti wapya hunaswa nao. Mara nyingi sharti liliandikwa mara moja tu, siku eneo zima lilipopimwa, na hati za baadaye zikasema kwa kifupi kwamba kiwanja kinafuata masharti yaliyosajiliwa. Anayesoma hati ya mwaka 1940 peke yake ataona mtaa safi. Lazima arudi hadi kwenye ramani ya upimaji.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kuitegemea mno ile ramani ya miaka ya 1930 iliyopaka mitaa ya weusi rangi nyekundu, yaani hatari kwa mikopo ya nyumba. Ramani hiyo ilichorwa na shirika la serikali kuu. Inaeleza hali, lakini haithibitishi kosa la halmashauri. Kwa kosa la mji, nenda kwenye vitu ambavyo mji wenyewe uliviamua: mgawanyo wa matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi, maagizo ya kubomoa, mahali bomba la maji na lami vilipofika na mwaka vilipofika, mikataba, na mwenendo wa polisi. Kumbukumbu za vikao vya madiwani huwa na mavuno kuliko magazeti, kwa sababu zina kura.

Baada ya ushahidi huja hesabu, na hapa ndipo tume nyingi huumia. Kamati ya San Francisco ilipendekeza mwaka 2023 malipo ya dola milioni 5 kwa kila mstahili. Mwenyekiti wake alikiri hadharani kwamba hakukuwa na kanuni ya hesabu nyuma ya kiwango hicho. Namba hiyo ikameza habari zote, na mapendekezo mengine zaidi ya 100 yakasahaulika. Kikosi kazi cha jimbo la California kilichotoa ripoti mwaka huohuo kilishika njia nyingine. Wachumi wake walipima tofauti ya utajiri wa nyumba kati ya weusi na weupe, wakapata dola 3,366 kwa kila mwaka ambao mtu aliishi California kati ya 1933 na 1977. Unaweza kuipinga kanuni hiyo, lakini unajua unapinga nini. Hilo ndilo tunalolitaka katika utafiti wa umma.

Iko miji iliyofunga hesabu kwa wepesi kwa sababu orodha ilikuwa fupi. Chicago, mwaka 2015, ilipitisha sheria ndogo kwa ajili ya watu walioteswa na kamanda wa polisi Jon Burge na askari wake kati ya 1972 na 1991: dola milioni 5.5, watu 57 wakilipwa hadi dola 100,000 kila mmoja, pamoja na msamaha rasmi, huduma za ushauri wa kisaikolojia na somo la historia hiyo katika darasa la 8 na la 10. Asheville, North Carolina, ilianza na dola milioni 2.1 zilizotokana na kuuza ardhi ambayo mji ulikuwa umeitwaa wakati wa bomoabomoa ya mitaa ya weusi. Kutumia bei ya ardhi hiyohiyo kulirahisisha kueleza kwa nini mji unadaiwa.

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani, waliotoka Kenya, Tanzania au Kongo, huuliza kama nao wamo. Inategemea msingi uliochaguliwa. Kikosi kazi cha California, kwa kura 5 dhidi ya 4 mwaka 2022, kilichagua nasaba: mzao wa mtumwa, au wa mtu mweusi huru aliyekuwapo Marekani kabla ya mwisho wa karne ya 19. Mhamiaji wa miaka ya 1990 hayumo, ingawa mwanawe aliyemzaa na mtu wa nasaba hiyo yumo. Evanston ilichagua makazi, si nasaba ya utumwa. Mwafrika aliyekuja kusoma huko mwaka 1962 na kupanga chumba mjini anaweza kuangukia ndani ya mipaka hiyo, na watoto wake pia.

Kuthibitisha ni kazi ya karatasi tena. Kwa nasaba, ukuta mkubwa ni sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina. Sensa za 1850 na 1860 zilimwandika bwana kwa jina, na chini yake mtumwa kwa umri, jinsia na rangi tu. Anayevuka ukuta huo hufanya hivyo kwa wosia na hesabu za mirathi za mabwana, na kwa Washington, kwa yale maombi ya fidia ya 1862. Kwa makazi, sensa hutolewa hadharani baada ya miaka 72, hivyo ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ya 1960 itafunguliwa 2032. Kwa mzee aliyehamia Evanston mwaka 1955, ushahidi utakaomfaa sasa ni rejista ya shule, daftari la ubatizo, kitabu cha anwani za mji, kadi ya kupigia kura au risiti ya kodi ya nyumba, na kimoja kati ya hivyo huenda kimo ndani ya sanduku nyumbani kwake.