Uchaguzi haushushi bei ya ploti

"Subiri kampeni zipambe moto, watu watatupa ploti kwa bei ya bure." Maneno haya huzagaa Nakuru kila uchaguzi ukikaribia, na yamewaponza wengi. Kwa kawaida kinachopungua ni mauzo, si bei. Mwenye ploti Kiamunyi asiyebanwa na karo wala deni haiuzi kwa hasara, anangoja tu.

Kweli, ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008 ziliwang'oa watu makwao hapa, na wapo waliouza kwa machozi. Msiba ule haufai kuitwa soko.

Ninachokiogopa mimi ni ile ploti ya "lipa leo leo, bei itapanda". Mara nyingi ndugu wanaigombania, au hati yake iko benki kama dhamana ya mkopo. Fanya sachi, yaani ukague rekodi za ploti, ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Nenda na sarveya, mfyeke nyasi mpaka muione kila bikoni, yaani alama ya mpaka. Kama ni shamba, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, sheria inayahesabu mauzo kuwa batili.