"Uzoefu" kwenye uchambuzi wa mifumo ya IT ni kitu gani hasa?

Ukisoma matangazo ya kazi za uchambuzi wa mifumo kila moja linataka uzoefu, miaka 5, miaka 7, miaka 10, ila uzoefu wa nini hawasemi. Wengi wanadhani ni kujua programu nyingi, databesi hii na lugha ile. Hapana, hizo mtu anajifunza, na nyingine zinapitwa na wakati hata hujazimaliza.

Tuanze na kazi yenyewe. Mchambuzi wa mifumo anakaa katikati, huku kuna watu wenye kazi yao na shida zao, kule kuna watengeneza programu, yeye ndo anatakiwa ajue kinachohitajika ni nini alafu akiandike vizuri mpaka wale wa kule waweze kukijenga. Mshauri anafanya hayo hayo ila yeye ni mtu wa nje, akishalipwa anaondoka na mfumo anawaachia wenyewe.

Sasa shida iko hapa: mteja hakwambii kila kitu. Sio kwamba anakuficha, yale anayofanya kila siku ameshayazoea mpaka hayaoni tena. Muulize karani oda inapitia wapi, atakutajia hatua nne safi kabisa kama zilivyo kwenye mwongozo wa ofisi. Kaa naye asubuhi moja tu, unakuta ana daftari chini ya meza anaandika zile oda ambazo mfumo "unazikataa", na kumbe ofisi nzima inaendeshwa na hilo daftari.

Anayeanza kazi ataandika zile hatua nne. Mzoefu atauliza, na mtu akirudisha nusu ya mzigo? Na anayeidhinisha akiwa likizo? Na mwisho wa mwezi mnafanyaje? Majibu hana, pengine hiyo biashara hajawahi hata kuifanya, lakini maswali anayo, na mengi yametoka kwenye miradi iliyowahi kumtoa jasho. Kwa hiyo mimi nikisema uzoefu namaanisha akiba ya maswali. Miaka haisaidii sana kama kila mradi ulikuwa unakabidhi ripoti unaondoka bila kujua mfumo uliishia wapi.

Kuna ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1980 waliugawa ujuzi kwenye ngazi 5. Wa chini kabisa anafuata kanuni kama alivyopewa, wa juu anaitazama hali na kuona papo hapo kipi cha muhimu, na ukimuuliza amejuaje anaweza kubabaika. Ndo maana mshauri mzoefu anaangalia mpango wa kuhamisha data anakwambia wiki mbili hazitoshi, basi. Mbane aeleze, ila usimpuuze.

Ukitaka kuona maswali yasipoulizwa inakuwaje, angalia London, Oktoba 26, 1992, huduma ya ambulensi ilipohamia mfumo wa kompyuta wa kupanga magari. Mfumo ulitegemea kuambiwa kwa usahihi kila gari liko wapi na linafanya nini, wakati kazini mambo yalikuwa mengine, watu wanachukua gari tofauti na lililopangwa, vitufe vya kutoa taarifa ndani ya gari vinabonyezwa kwa mpangilio mwingine au havibonyezwi kabisa, basi taarifa zikapishana na hali halisi, sehemu moja ikatumiwa magari zaidi ya moja na simu zikarundikana. Kesho yake wakarudi nusu kwenye njia ya mkono, na Novemba 4 mfumo ulipogoma kabisa wakarudi kwenye karatasi. Kampuni iliyoujenga haikuwahi kujenga mfumo wa kupanga ambulensi. Aliyewahi kukaa chumba cha kupanga magari angeuliza mapema tu, dereva asipobonyeza je?

Lakini uzoefu nao unaponza. Juni 4, 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza na haikumaliza hata dakika moja ikasambaratika. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi miaka mingi bila tatizo. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba moja ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa kwenye kompyuta (biti 16), kifaa cha kuiongoza roketi kikazima, na cha akiba nacho kilikuwa na programu ile ile kwa hiyo kilikufa vile vile. Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu iliyotoa namba hiyo haikuwa na kazi yoyote roketi ikishapaa. Hapo ndo anapoanguka mshauri wa "kwa mteja wangu wa mwanzo tulifanya hivi": jibu la kule analibeba zima zima, swali lililolizaa kaliacha.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mtu weka wasifu wake pembeni, mwambie akusimulie mradi ulioharibika yeye akiwemo. Asiye na kitu atasema haijawahi kumtokea, au atamlaumu mteja mwanzo mwisho. Mwenye nao atakutajia kitu kidogo tu alichosahau kuuliza.

Na wewe unayeanza, mfumo ukishawashwa usikimbilie mradi mwingine. Rudi pale mwisho wa mwezi wa kwanza, wakati wanafunga hesabu, uone daftari gani limerudi chini ya meza.