Nanaa ya Uani: Kuikausha, Kuitumia, na Kwa Nini Mtoto Mchanga Asipewe

Nanaa haikosekani katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Utaikuta kwenye kopo la rangi lililotobolewa matundu chini, au imejitandaza yenyewe karibu na bomba la uani. Ni mmea mzuri na hatuna ugomvi nao. Tunachokipiga vita ni vile vijiko vya maji ya nanaa anavyopewa mtoto mchanga "kwa ajili ya mchango", yaani maumivu ya tumbo yanayomliza, kisha watu wakakaa kungoja. Haya ni maswali yanayorudi kila siku vituoni na kliniki za mama na mtoto.

Swali: Nanaa inasaidia nini hasa?

Jibu: Jani lake lina mafuta yenye harufu, na mafuta hayo hulegeza misuli ya utumbo. Ndiyo maana mtu mzima aliyeshiba kupita kiasi hupata nafuu akinywa kikombe cha chai ya nanaa. Basi, ni hapo tu. Haitibu kuharisha, haitibu malaria, haisafishi damu.

Swali: Niikate wakati gani nikitaka kuikausha?

Jibu: Kabla haijatoa maua, maana ikishachanua ladha hupungua. Kata asubuhi, umande umekauka lakini jua halijawa kali. Katia juu kidogo ya kifundo cha majani na ubakishe shina la urefu wa vidole vitatu vinne, itachipua tena. Geuza jani uangalie upande wa chini: ukiona vidonge vidogo vya rangi ya machungwa kama kutu, huo ni ugonjwa wa mmea. Majani hayo yatupe, usiyachanganye na mengine.

Swali: Naianika juani juu ya jamvi kama karafuu, lakini inatoka rangi ya kahawia na haina harufu. Kwa nini?

Jibu: Kwa sababu nanaa si karafuu. Karafuu ni tumba gumu, linastahimili jua la siku kadhaa na mafuta yake yakabaki ndani. Jani la nanaa ni jembamba, na vifuko vyake vya mafuta viko juu ya ngozi ya jani. Jua la saa sita likivipiga, mafuta yote yanaruka. Unachobaki nacho ni majani makavu tu.

Ioshe kwa maji safi, uikung'ute vizuri, uitandaze juu ya kanga safi mpaka maji ya juu yaishe. Chambua majani uyaweke kwenye ungo kwa safu moja, yasilaliane. Ungo uweke chumbani penye upepo unaopita, mbali na moshi wa jiko, na uyageuze majani asubuhi na jioni. Funika kwa mtandio mwepesi kuzuia nzi na vumbi. Usifunike kwa chandarua cha mbu: vyandarua vingi vinavyogawiwa vina dawa ya kuulia wadudu, na hayo ni majani utakayoyanywa.

Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, siku tatu au nne huwa zinatosha. Masika ni shida. Hewa imejaa maji, majani yanaweza kukaa wiki nzima yakabaki laini, na mwisho yakaota ukungu. Mwezi wa Aprili ni bora uitumie mbichi. Kama una oveni, iwashe kwa moto mdogo kabisa, uache mlango wazi kidogo, na usiondoke karibu nayo.

Utajuaje imekauka? Shika jani ulifikiche: likivunjika na kuwa unga, tayari. Likijikunja kama kitambaa, bado. Usistaajabu ukiona ni kidogo. Gramu 100 za majani mabichi hutoa kama gramu 15 hadi 20 tu.

Tia majani mazima kwenye chupa ya kioo iliyokauka, uifunge, na uichungulie kila siku kwa wiki moja. Ukiona jasho ndani ya kioo, yarudishe kwenye ungo siku hiyo hiyo. Yakipita wiki bila jasho, weka chupa kabatini penye giza, uyatumie ndani ya mwaka mmoja. Yafikiche siku ya kuyatumia, si kabla.

Swali: Ukungu umeota pembeni tu. Nikiichemsha si unakufa?

Jibu: Ukungu unaweza kufa, lakini kuna aina za ukungu zinazoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa maji ya moto. Tupa chupa nzima. Usichambue ukachagua majani "mazuri".

Swali: Jikoni natia kiasi gani?

Jibu: Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu badala ya kijiko kimoja cha chakula cha mabichi yaliyokatwakatwa. Kwenye sosi ya biriani, kavu itie mapema kidogo ilainike. Mbichi itie mwishoni. Chatini inataka mbichi tu, kavu huleta machicha mdomoni.

Na kwa kuwa chatini haipikwi, hakuna moto wa kukuokoa na maji machafu. Nanaa inayomwagiwa maji ya karo, au iliyooshwa kwa maji ya kisima yasiyotibiwa, inaweza kukuletea maradhi ya kuharisha mezani. Yaliyotokea wakati wa kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016 hayajasahaulika visiwani. Osha kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa, na barafu ya juisi ya ndimu na nanaa itokane na maji hayo hayo.

Swali: Na chai?

Jibu: Kijiko kimoja cha chai cha majani makavu, au majani mabichi manane hadi kumi, kwa kikombe cha mililita 250. Mimina maji yaliyochemka na ufunike kwa kisahani dakika 5 hadi 10. Ukiacha wazi, harufu inayojaa chumba ndiyo dawa yako inayoondoka. Mtu mzima vikombe viwili au vitatu kwa siku vinamtosha.

Mwenye kiungulia aiache, kwa sababu inalegeza mlango wa juu wa tumbo na asidi inapanda zaidi. Mama mjamzito anaweza kula nanaa kwenye chakula, lakini chai asiinywe pamoja na vidonge vya kuongeza damu, maana inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Aachanishe kwa saa mbili.

Swali: Mtoto wangu ana wiki tatu, kila jioni analia na tumbo limejaa. Bibi yake anasema ni mchango, nimpe vijiko viwili vya maji ya nanaa. Ni majani tu, yatamdhuru nini?

Jibu: Usimpe. Kabla ya miezi sita mtoto anahitaji maziwa ya mama peke yake. Hata maji matupu hayahitaji.

Tumbo lake ni dogo mno. Ukilijaza maji ya majani, nafasi ya maziwa imekwisha. Asiponyonya vya kutosha, na maziwa ya mama nayo hupungua. Kijiko, kikombe na maji yenyewe vinaingiza vijidudu katika utumbo ambao bado haujakomaa. Kuna wanaozidisha kwa kutia asali ndani yake. Asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja ni hatari: inaweza kubeba kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Kilio cha jioni kwa mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito mara nyingi huanza wiki ya pili au ya tatu, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, na hutulia mwezi wa tatu au wa nne. Mwegemeze begani baada ya kunyonya mpaka acheue, na hakikisha mdomo wake umeshika sehemu nyeusi ya titi, si chuchu tu. Mtembeze, mbembeleze. Kinachochosha hapa ni kusubiri, na tunajua kinachosha kweli.

Swali: Hata kijiko kimoja? Mimi mwenyewe nilipewa na nimekua.

Jibu: Hata kijiko kimoja. Uliyekua ndiye unayeuliza swali hili. Ambaye hakukua hayupo kuuliza. Bibi anampenda mjukuu wake na anafanya alichofundishwa, hakuna anayemlaumu. Mwambie kwa heshima: "Bibi, kliniki wamekataza," kisha mpe mtoto ambebe. Mikono yake inamtuliza kuliko nanaa.

Swali: Mwanangu wa miezi minane anaharisha tangu jana. Nanaa si inafunga tumbo?

Jibu: Haifungi. Na hata ingefunga, si kufunga tumbo kunakomwokoa mtoto. Anayeharisha huuawa na kuishiwa maji na chumvi mwilini, na chai ya nanaa haina chumvi hizo kwa kiasi anachohitaji. Mpe ORS, ile chumvi ya pakiti inayochanganywa na maji. Pakiti moja ya kawaida kwa lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Si kikombe, si chupa ya nusu lita. Ikiwa kali mno inamdhuru, ikiwa nyepesi mno haimsaidii. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apate mililita 50 hadi 100, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena taratibu zaidi. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage.

Kituoni atapewa na vidonge vya zinki: miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14 akishatimiza miezi sita, miligramu 10 akiwa chini ya hapo. Mmalizie dozi hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Aendelee kunyonya na kula.

Swali: Basi nimpe nanaa kwanza, nisubiri siku ngapi kabla ya kwenda hospitali?

Jibu: Usisubiri. Swali hili ndilo tunalotaka lisiulizwe tena. Wanaoletwa wakiwa wamechelewa, mara nyingi nyumbani hawakukaa bila huduma: walipewa nanaa leo, kesho wakapewa kitu chengine, na siku ya tatu macho yameshaingia ndani.

Mtoto wa chini ya miezi miwili anayeharisha apelekwe siku hiyo hiyo. Aliyezidi hapo mpeleke mara moja ukiona utosi umebonyea au macho yamezama, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Choo chenye damu, kuharisha maji matupu mfululizo, matapishi ya kijani, tumbo lililovimba likawa gumu, kukataa kunyonya, kulegea, degedege: yoyote kati ya hizo, hata moja, toka nyumbani. Mtoto mchanga mwenye joto la 37.5 au zaidi, au aliyepoa kupita kawaida, au anayevuta pumzi mara 60 au zaidi kwa dakika, naye asilale nyumbani.

Kituo cha shehia kiko karibu kuliko unavyodhani. Kikishindwa kitakupa rufaa ya kwenda Mnazi Mmoja, Kivunge au Makunduchi kwa Unguja, na Wete, Chake Chake au Abdalla Mzee kwa Pemba. Njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko.

Swali: Akiwa na mafua, nimpake mafuta ya nanaa puani?

Jibu: Usimpake mtoto wa chini ya miaka miwili mafuta ya nanaa wala dawa yoyote ya mentholi puani, usoni au kifuani. Harufu kali ya mentholi inaweza kumfunga koo ghafla akashindwa kupumua. Mafua ya mtoto mchanga yanatibiwa kwa matone ya maji ya chumvi ya puani na kunyonyeshwa mara kwa mara. Kichupa cha mafuta kifungie mbali na watoto, na cha karafuu au makonyo (vikonyo vya karafuu) pia. Mafuta ya karafuu yakimezwa na mtoto, hata kiasi kidogo, yanaweza kuharibu ini.

Swali: Kumfukiza je?

Jibu: Sufuria ya maji yanayochemka na mtoto chini ya kanga moja? Hapana. Maji yakipinduka yanambabua mapajani na tumboni.

Swali: Baba ana sukari na presha. Leo kifua kinambana, anasema ni gesi na anataka nanaa.

Jibu: Achana na nanaa, mpeleke hospitali sasa hivi. Kifua kinachobana, jasho jembamba, maumivu yanayokwenda mkononi au kwenye taya, hayo ni ya moyo mpaka daktari aseme vyengine.

Swali: Nimesoma nimechelewa, jana nilishampa mtoto wa mwezi mmoja maji ya nanaa. Nifanye nini?

Jibu: Acha leo. Usimtapishe, usimpe kitu kingine cha "kuondoa". Mnyonyeshe kila anapotaka, usiku na mchana, angalau mara nane kwa saa 24, na hesabu anavyokojoa. Dalili yoyote tuliyoitaja ikitokea, nenda. Ukifika useme ulimpa nini, vijiko vingapi, saa ngapi, na kama kulikuwa na asali au mafuta ya dukani ndani yake. Hakuna atakayekugombeza kwa kusema ukweli, na kuficha kunampotezea daktari muda. Kama ni mafuta, chukua na kichupa chenyewe.