Dunia inazunguka, macho yanaruka: ni sikio au shina la ubongo?

Daktari, shikamoo. Baba ana miaka 61 na ana presha. Juzi asubuhi hapa Mpwapwa aliamka akasema nyumba inazunguka, akatapika, akawa hawezi kukaa bila kushikwa. Duka la dawa wakatupa dawa ya malaria. Mama anasema macho yake "yanaruka". Ndiyo nini?

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Jicho likicheza, wengi wetu tunasema mgeni anakuja. Lakini hiyo ni kope. Alichoona mama ni mboni yenyewe: inateleza taratibu kuelekea upande mmoja, halafu inarudi kwa mruko, inateleza tena, inaruka tena. Kitaalamu ni nistagmasi, na malaria si jambo la kwanza ninaloliwazia hapo.

Macho yanahusikaje na kizunguzungu?

Shika simu mbele yako, tikisa kichwa kushoto na kulia: maandishi bado yanasomeka. Sasa tuliza kichwa, utikise simu kwa kasi ileile. Husomi kitu. Kichwa kinapotikisika, sikio la ndani hupeleka habari kwenye shina la ubongo, kile kipande kinachounganisha ubongo na uti wa mgongo, nalo huamuru macho yaende kinyume na kichwa. Ndiyo maana abiria kwenye daladala ya barabara ya vumbi bado anasoma bango la dukani. Njia hiyo ikiharibika, ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka ilhali mtu amelala, na macho yanautii uongo huo.

Nitajuaje ni sikio au ni ubongo?

Wewe usijipe kazi hiyo, ila ujue daktari anatafuta nini. Ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa sikio huyafanya macho yaruke kuelekea upande uleule siku zote, na mgonjwa akikazia macho kitu kimoja, mruko hupungua. Shina la ubongo likiumia, macho yanaweza kuruka kwenda juu au chini, au kubadili mwelekeo: akitazama kulia yanaruka kulia, akitazama kushoto yanaruka kushoto. Kukazia macho hakusaidii sana. Wakati mwingine jicho moja hukaa juu kuliko lenzake, na mtu akaona watu wawili mlangoni aliposimama mmoja.

Kile kizunguzungu cha sekunde chache kila ukigeuka kitandani ni habari nyingine. Mara nyingi ni vichembe vilivyohama ndani ya sikio.

Daktari alimshika baba kichwa, akakigeuza ghafla huku baba akimtazama puani. Akasema kipimo ni kizuri, lakini akaonekana ana wasiwasi. Kwa nini?

Kwa sababu hapa "kizuri" ni kibaya. Sikio likiwa gonjwa, macho huachwa nyuma kidogo kichwa kinapogeuzwa, kisha hurukia pua. Macho yakibaki puani wakati mtu anazungukwa na dunia mfululizo, sikio linaonekana zima, basi tatizo huenda liko ubongoni. Kipimo hiki, mwelekeo wa mruko, na usawa wa macho mawili hutazamwa pamoja. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, wenye wagonjwa 101, vipimo hivyo vitatu vya kando ya kitanda viligundua kiharusi ambacho MRI ya mwanzo, yaani picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, ilikikosa kwa baadhi yao. Msijaribu nyumbani, shingo ya mzee si ya kuchezea.

CT yake ilitoka safi. Tupumue?

Bado. CT, ile picha ya kichwa ya mashine ya eksirei, ni hodari kuonyesha damu iliyovuja, lakini kiharusi kichanga cha shina la ubongo, eneo lililozungukwa na mifupa minene, huikwepa kirahisi.

Ni kiharusi tu?

Hapana. Pombe ya muda mrefu pamoja na kula vibaya humaliza vitamini B1, macho yakaruka na mtu akachanganyikiwa. Hiyo nayo ni dharura. Dawa za kifafa kama fenitoini zikizidi hufanya hivyo. Uvimbe ubongoni pia.

Tukimbie hospitali lini?

Hashiki mwendo, anaona viwili viwili, sauti imekwaruza, maji yanampalia, au ganzi imeshika uso upande mmoja na mwili upande mwingine: ondokeni saa hiyohiyo. Ombeni rufaa ya Dodoma mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Andikeni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, maana dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa kabla hayajapita masaa manne na nusu tangu wakati huo. Msimlishe uji wala kumwongezea vidonge vya presha.

Mkiwa tayari ndani ya gari, mmoja arekodi macho yake kwa simu sekunde 20: atazame mbele, kulia, kushoto. Mkifika, huenda yakawa yametulia.