Uji wa Oti: Yanayosemwa na Yaliyomo Sufuriani

Dhana: Oti na shayiri ni kitu kimoja.

Ukweli: Hapa lugha yetu ndiyo inayotuponza, maana wengi huziita zote mbili shayiri. Ni nafaka mbili tofauti. Shayiri ina gluteni, protini iliyomo pia kwenye ngano. Oti kwa asili yake haina, ila mara nyingi huchanganyika na ngano au shayiri shambani, kwenye malori na vinuni. Mwenye ugonjwa wa seliaki, yaani ambaye utumbo wake huumizwa na gluteni, atafute pakiti iliyothibitishwa kuwa haina gluteni, na hata hiyo aianze kwa ushauri wa daktari, kwa sababu wapo wachache wanaosumbuliwa na avenini, protini ya oti yenyewe.

Dhana: Ukiuona uji unavutika kama bamia, umeuharibu.

Ukweli: Huo ute ndio mali yenyewe. Ni betaglukani, aina ya nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, na ndiyo inayofanya tumbo litulie kwa muda na lehemu mbaya (kolesteroli) ipungue kwenye damu. Tangu mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inaruhusu pakiti za oti kutaja faida hiyo kwa moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za betaglukani kwa siku, ndani ya mlo usio na mafuta mabaya mengi. Nusu kikombe cha oti kavu, yaani gramu 40 hivi, kina kama gramu 2.

Usipoupenda ute, mwiko uko mkononi mwako. Ukikoroga bila kupumzika, wanga unabanduka na kuingia majini, uji unakuwa laini na mzito. Ukikoroga mara mbili tatu tu, punje zinabaki na umbo lake na utazisikia mdomoni. Mimi naupenda mzito, ule unaodondoka kijikoni kwa kusitasita.

Dhana: Oti za papo kwa papo hazina lishe.

Ukweli: Zinatokana na punje ileile, ila zimepikwa kabla na kubanwa ziwe nyembamba zaidi. Tofauti ni kwamba mwili unazimeng'enya upesi, sukari ya damu inapanda haraka, na njaa nayo huenda ikarudi mapema. Cha kuchunguza ni vile vipakiti vyenye ladha: pindua, usome kiasi cha sukari. Oti bapa za kawaida huiva kwa dakika 5 hivi. Zilizokatwakatwa bila kubanwa hutaka dakika 20 hadi 30, na maji mara tatu au nne ya ujazo wake, wakati bapa zinatosheka na mara mbili.

Dhana: Uji mzuri hupikwa kwa maziwa matupu tangu mwanzo.

Ukweli: Niliamini hivyo hadi siku nilipogeuka kutafuta kijiko. Niliporudi, maziwa yalikuwa yamefurika hadi kwenye jiko, na uji ulikuwa umeshika chini. Sufuria ililala na maji usiku kucha. Sasa naanza na maji. Oti zikishalainika naongeza maziwa, moto mdogo. Utamu ni uleule, na kuosha sufuria hakuna vita.

Dhana: Chumvi ni ya mchuzi, si ya uji mtamu.

Ukweli: Weka kidogo sana, mwanzoni. Bila chumvi utaongeza sukari vijiko vitatu na uji bado utapooza.

Dhana: Ni chakula cha wagonjwa, hakishibishi.

Ukweli: Gramu 40 kwenye maji matupu ni kalori 150 hivi na protini gramu 5. Mtu mzima hafiki nazo mchana, tusidanganyane. Lakini ukikoroga ndani yake kijiko cha siagi ya karanga, au ukavunja yai mwishoni huku unakoroga kwa kasi lisigande vipande, huo si uji wa mgonjwa tena. Yai halionekani, uji unakuwa laini kama kastadi.

Dhana: Ukipoa ukaganda, umeharibika.

Ukweli: Ni wanga tu umekaza. Kama ulilala kwenye friji, mimina maji au maziwa kidogo, ponda lile bonge kwa mgongo wa kijiko, kisha rudisha motoni hadi uchemke tena.