Choa kilichojificha: steroidi inapopakwa juu ya fangasi wa mtoto

Choa kilichojificha ni choa kilichopoteza sura yake ya kawaida kwa sababu ya kupakwa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe. Hali hii ilipewa jina katika maandishi ya kitabibu mwaka 1968, na hadi leo inawapotosha wazazi na hata wahudumu wa afya, maana mtoto huonekana amepata nafuu kumbe ugonjwa unazidi kuenea.

Fangasi wa choa hula keratini, protini ya tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Kinga ya mwili inapomkabili, hutokea duara linalowasha, lenye ukingo ulioinuka na magamba, huku katikati pakianza kusafika. Muwasho na uvimbe ule ni dalili kwamba mwili unapambana. Steroidi haiui fangasi, inazima mapambano hayo. Siku chache tu muwasho umetulia, magamba yamepungua, na fangasi anatambaa bila wa kumzuia. Krimu ikiachwa, muwasho unarudi kwa nguvu, basi inapakwa tena. Mtoto anayepona kila akipakwa na kuugua kila akiachwa, mshuku fangasi.

Kwa kuwa ukingo umefifia, kinachobaki ni mabaka mapana yasiyo na mpaka na vipele vidogo vidogo, na ni rahisi kudhani ni pumu ya ngozi, kisha mtoto akaongezewa steroidi. Fangasi anaweza pia kushuka hadi kwenye mashina ya vinyweleo na kuleta vinundu vigumu. Akifika huko, dawa ya kupaka peke yake haitoshi.

Mtoto huumia zaidi ya mtu mzima. Ngozi yake ni nyembamba, tena ni pana ukiilinganisha na uzito wake, hivyo dawa nyingi zaidi hupenya hadi kwenye damu. Chini ya nepi hali ni mbaya zaidi, kwani joto na kufunikwa huisukuma dawa ndani. Ngozi hukonda, hupauka na kupata michirizi ambayo haifutiki. Ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu, inaweza kupandisha presha ya jicho. Steroidi kali ikipakwa eneo kubwa kwa wiki nyingi hulegeza tezi za adrenali, zilizo juu ya figo na zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe; pia uso huvimba, kimo hudumaa.

Zinazotutia hofu kuliko zote ni krimu za mchanganyiko, zenye dawa ya fangasi, antibayotiki na steroidi kali katika tyubu moja. Mzazi anasoma “fangasi” kwenye boksi na kuridhika. Soma orodha ya viambato: ukikuta betamethasone, clobetasol au mometasone, usimpake mtoto mwenye choa bila daktari kuagiza.

Choa cha mwilini hutibiwa kwa dawa ya fangasi tupu, mfano clotrimazole 1%, mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Safisha, kausha vizuri, paka utando mwembamba hadi sentimita 2 nje ya ukingo, na uendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kusafika. Wengi huacha mapema, ndiyo maana kinarudi. Mapunye ya kichwani ni habari nyingine: krimu haifiki kwenye mzizi wa nywele, kwa hiyo mtoto huhitaji dawa ya kunywa, kama griseofulvin, kwa wiki 6 hadi 8 au zaidi, kwa kipimo kinachofuata uzito wake.

Kama steroidi imeshapakwa, nenda na tyubu yenyewe kituo cha afya. Magamba kidogo yakikwanguliwa na kuangaliwa kwa hadubini huonyesha nyuzi za fangasi, na hapo ubishi unakwisha. Iliyopakwa siku chache huachwa tu, ingawa muwasho utaongezeka kwa muda. Iliyopakwa eneo kubwa kwa wiki nyingi isikatwe ghafla bila daktari, kwani tezi zilizolegea huchelewa kuamka. Mtoto wa aina hiyo akianza kutapika, kulegea au kukataa kula, apelekwe hospitali mara moja.